Muuguzi wa kandarasi akicheleweshewa mshahara, mwenye nyumba ndiye huikopesha serikali

MZOZO kuhusu ajira ya wahudumu wa afya nchini Kenya umezoeleka kutazamwa kama suala la pande mbili: serikali kwa upande mmoja na vyama vya wafanyakazi kwa upande mwingine. Hata hivyo, upo upande wa tatu ambao hauna chama, hauitwi katika meza ya mazungumzo wala hautajwi katika taarifa za kuanza au kumaliza mgomo. Huo ni upande wa wenye nyumba za kupangisha katika miji midogo iliyokua kando ya hospitali za umma.

Ishiara, katika eneo la Mbeere Kaskazini, Kaunti ya Embu, ni mojawapo ya miji hiyo. Ni mji wa soko katika nyanda za chini zenye joto, karibu na mpaka wa Embu na Tharaka-Nithi. Wakulima wa eneo hilo hutegemea ndengu, mtama, maembe, mifugo na zao la muguka. Ni mahali ambapo mvua ikikosa msimu mmoja, fedha hupungua sokoni kwa mwaka mzima.

Katika mji wa namna hiyo, mtu mwenye mshahara wa kila mwezi ni mpangaji wa kutamaniwa. Mwalimu, afisa wa polisi, karani wa serikali na muuguzi wa hospitali ya Ishiara, ambayo ni ya Kiwango cha 4, ndio wanaofikiriwa kwanza mwenye ploti anapoamua kujenga vyumba vya kupangisha. Muuguzi hasa huonekana kuwa mpangaji asiye na mashaka, kwa kuwa wagonjwa hawaishi na hospitali haihami.

Ukweli wa miaka ya karibuni umekuwa tofauti. Hospitali haihami, lakini muuguzi anahama. Anakuja kwa kandarasi ya muda, kwa mafunzo ya kazini ya mwaka mmoja, kwa mradi wa wafadhili au kwa mazoezi ya wiki chache, kisha anaondoka. Na hata anapokuwapo, mshahara wake hauji kwa tarehe inayotabirika. Ni hali hiyo inayozua swali ambalo serikali za kaunti hazijalijibu: nani anapaswa kubeba gharama ya muda ambao muuguzi anafanya kazi bila kulipwa?

Ajira ilivyobadilika

Mji wa Ishiara wenyewe una historia ya kupokea watu wa kuja na kuondoka. Katika miaka ya 1950, serikali ya kikoloni ilianzisha huko mradi wa unyunyiziaji maji mashamba chini ya mpango wa ALDEV, sawa na ilivyofanya Mwea, Hola, Perkerra na Yatta, ikitumia nguvu za wafungwa wa kizuizini wa enzi za vita vya Mau Mau. Baadaye wakaja maafisa wa kilimo, walimu na wahudumu wa afya kutoka sehemu nyingine za nchi.

Kwa miongo kadhaa baada ya uhuru, utaratibu ulikuwa kwamba mfanyakazi wa afya aliyepelekwa mashambani aliajiriwa na Wizara ya Afya kwa masharti ya kudumu. Vituo vingi vilijengwa pamoja na nyumba za wafanyakazi ndani ya ua. Hospitali za misheni za ukanda huo, kama vile Chogoria na Kyeni, zilifuata mkondo huo huo kwa sababu zilikuwa pia na vyuo vya uuguzi, na mwanafunzi hakuweza kufunzwa zamu ya usiku akiwa analala mbali.

Katiba ya mwaka 2010 ilibadilisha mambo. Jedwali la Nne lilikabidhi kaunti jukumu la kuendesha hospitali na vituo vya afya, na kuanzia mwaka 2013 wahudumu wakawa chini ya magavana. Idadi ya wagonjwa iliongezeka, majengo mapya ya wadi yakafunguliwa, lakini ujenzi wa nyumba za wafanyakazi haukwenda sambamba na ujenzi huo. Ni rahisi kwa mwanasiasa kukata utepe wa wadi ya kina mama; si rahisi kupata makofi kwa kukarabati nyumba sita za wauguzi.

Pamoja na hayo, masharti ya ajira yalilegezwa. Mwaka 2020, wakati wa janga la Covid-19, serikali ya kitaifa iliwaajiri maelfu ya wahudumu chini ya mpango wa Afya kwa Wote kwa kandarasi za miaka mitatu. Kandarasi hizo zilipokwisha ziliongezwa muda, na wahudumu hao wakaendelea kulalamika kwamba wanalipwa chini ya wenzao wa kudumu wanaofanya kazi ile ile. Mwaka 2025 baadhi yao walipiga kambi kwa miezi nje ya makao makuu ya Wizara ya Afya jijini Nairobi, kabla ya serikali kutangaza kwamba wangehamishiwa katika orodha za mishahara za kaunti.

Kwa muda wote huo, watu hao walikuwa wapangaji wa mtu fulani mahali fulani. Aliyekuwa akisubiri kuongezewa kandarasi hakuweza kumwambia mwenye nyumba kama angekuwapo mwezi uliofuata. Mwenye nyumba naye hakuweza kujua kama achukue mpangaji mwingine au amwekee muuguzi chumba chake.

Aidha, lipo kundi la wahudumu waliokuwa wakilipwa na miradi ya wafadhili, hasa katika kliniki za Ukimwi. Januari 20, 2025, Rais Donald Trump wa Marekani alitia saini amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90. Kazi nyingi zilizotegemea fedha hizo nchini Kenya zilisimama katika muda wa siku chache. Uamuzi uliofanywa Washington ulifika hadi kwenye mlango wa chumba cha kupanga katika mji mdogo wa Afrika Mashariki, na mwenye chumba hicho hakuwa na namna ya kujikinga.

Mkopo usio na riba

Kucheleweshwa kwa mishahara si bahati mbaya ya mara moja. Kaunti hutegemea mgao kutoka Hazina ya Kitaifa, na mgao huo ukichelewa, mishahara huchelewa. Mfano ulio wazi ni wa mwaka 2024. Baada ya Mswada wa Fedha kuondolewa mwezi Juni kufuatia maandamano ya vijana, mgao wa kaunti uliokuwa umepangiwa Sh400.1 bilioni uliingia katika mvutano kati ya Bunge la Kitaifa na Seneti. Hatimaye ulikubaliwa kuwa Sh387.4 bilioni, lakini nusu ya mwaka wa kifedha ilikuwa ikimalizika.

Migomo nayo ina gharama yake. Mgomo wa madaktari ulioanza Desemba 2016 ulidumu siku 100. Wauguzi waligoma kuanzia Juni hadi Novemba mwaka 2017, muda wa takriban miezi mitano. Madaktari waligoma tena kati ya Machi na Mei 2024 kwa siku 56, suala la madaktari wanaofanya mafunzo ya kazini likiwa katikati ya mzozo. Mwajiri anaposimamisha mshahara wa mgomaji, kodi ya nyumba haisimami.

Ili kuelewa uzito wa jambo hili, chukulia mfano wa mjane aliyejenga vyumba 10 na kuvipangisha kwa Sh3,500 kila kimoja. Vikijaa vyote, anapata Sh35,000 kwa mwezi. Tuseme vyumba vinne vimepangwa na wauguzi wa kandarasi, na mishahara yao imechelewa kwa miezi mitatu. Deni lake ni Sh42,000. Kiasi hicho kinazidi mapato ya mwezi mzima ya ploti yote.

Mjane huyo hakuketi na afisa wa kaunti kuzungumza juu ya mkopo. Hakutia saini hati yoyote wala hatalipwa riba. Lakini kwa hakika ameikopesha serikali Sh42,000, kwa sababu kazi ya wodini imeendelea, watoto wamezaliwa, wagonjwa wametibiwa, na gharama ya makao ya aliyefanya kazi hiyo imelipwa na yeye. Serikali ikilipa baadaye, humlipa muuguzi malimbikizo ya mshahara. Fidia ya mwenye nyumba haimo katika hesabu hiyo.

Si yeye peke yake. Mwenye duka anayetoa unga na mafuta kwa daftari, mwenye bodaboda anayemfikisha muuguzi kazini usiku kwa ahadi ya kulipwa mwisho wa mwezi, na mama anayelea mtoto wa muuguzi aliye zamuni, wote wamo katika mnyororo huo huo wa kukopesha. Tofauti ni kwamba mwenye nyumba ndiye hubeba deni kubwa zaidi, na ndiye mwenye mkopo wake wa Sacco au wa benki wa kulipa kwa tarehe isiyosogezwa.

Hapo ndipo mvutano wa kibinadamu huzuka. Mwenye nyumba akimfukuza muuguzi, jamii humlaumu kwa kukosa utu, tena huenda ni muuguzi yule yule aliyemhudumia mkwe wake wakati wa kujifungua. Akimvumilia, watoto wake wanarudishwa nyumbani kwa kukosa karo. Mgeni njoo, mwenyeji apone, wahenga walisema; lakini hapa mwenyeji ndiye anayeugua ili mgeni apate kukaa.

Mfano wa Marekani

Wapo wanaoona kwamba dawa ni kuiga yanayofanyika ughaibuni. Nchini Marekani, muuguzi wa kusafiri ni taaluma inayotambulika. Wakala humtafutia hospitali yenye upungufu, naye hufanya kazi huko kwa kipindi ambacho kwa kawaida ni wiki 13, kisha huhamia kwingine au huongezewa muda. Kutokana na mtindo huo limeibuka soko zima la nyumba zenye samani zinazopangishwa kwa miezi mitatu mitatu, na wapo Wakenya wanaoishi huko ambao wameingia katika soko hilo, wengine kama wauguzi na wengine kama wenye nyumba.

Mfumo huo una nguzo mbili ambazo mara nyingi husahaulika unaposifiwa. Kwanza, muuguzi hupewa posho ya makao kando na ujira wake, au wakala humtafutia nyumba moja kwa moja. Pili, tarehe ya kuanza na ya kumaliza huandikwa mapema, na malipo hutolewa kila wiki au kila wiki mbili. Mwenye nyumba anajua mpangaji wake anaondoka lini na fedha zinatoka wapi.

Nguzo hizo hazipo Ishiara. Muuguzi wa serikali nchini Kenya hupata marupurupu ya nyumba ndani ya mshahara, na viwango vyake hutofautiana kulingana na eneo: Nairobi iko juu, na miji midogo iko chini. Mshahara ukichelewa, marupurupu nayo huchelewa. Hakuna posho ya kuanzia maisha inayomngoja mlangoni siku anaporipoti na godoro lake, jiko la gesi na ndoo mbili.

Kwa hiyo anayetaka kuweka samani katika vyumba vyake ili kuwavutia wauguzi wa muda mfupi anafaa kupiga hesabu kwanza. Chukulia kwamba chumba kitupu hupangishwa Sh3,500, na chenye kitanda, godoro, meza, mapazia na jiko kinaweza kutoza Sh6,000. Tuseme samani hizo zimegharimu Sh40,000. Kwa haraka mtu atasema kwamba ziada ya Sh2,500 itarudisha gharama katika miezi 16.

Hesabu hiyo ni sahihi iwapo tu chumba hakikai bure hata mwezi mmoja. Chumba kitupu chenye mpangaji mwaka mzima huingiza Sh42,000. Chumba chenye samani kikipata mpangaji kwa miezi minane, huingiza Sh48,000. Tofauti ni Sh6,000 kwa mwaka, na gharama ya samani itarudi baada ya karibu miaka saba, wakati godoro limekwisha kuchakaa. Kikipata mpangaji kwa miezi saba, mwenye nyumba hapati faida yoyote zaidi ya jirani yake wa chumba kitupu. Chini ya hapo, anapata hasara.

Hii haina maana kwamba wazo hilo ni baya. Maana yake ni kwamba vyumba vyenye samani vinafaa kuwa vichache, viwili au vitatu katika ploti ya kumi, na viwekwe kwa ajili ya wale wanaojua tarehe zao: wanafunzi wa mazoezi, wahudumu wa mafunzo ya mwaka mmoja na watu wa miradi ya muda maalumu.

Isitoshe, mpangaji wa kada hii ana mahitaji ambayo si ya anasa. Muuguzi wa zamu ya usiku hulala mchana. Katika joto la Ishiara, chumba cha mabati kisicho na dari hakilaliki saa saba za mchana. Mtu aliyekosa usingizi ndiye atakayepima dawa ya mtoto usiku unaofuata. Dari, madirisha yanayopitisha hewa, mti wa kivuli, tangi la maji na taa ya nje vina thamani kubwa kwake kuliko runinga ukutani. Umbali nao una uzito wake: kila kilomita inayoongezwa kati ya chumba na wadi ya kujifungulia ni kilomita ya pikipiki gizani.

Sheria inasema nini

Wengi wa wenye nyumba na wapangaji katika miji midogo huelewana kwa mdomo. Kodi hutumwa kwa M-Pesa, risiti haiandikwi, na amana hujadiliwa tu siku ya kuhama. Utaratibu huo ulitosha mpangaji alipokuwa akikaa miaka kumi. Kwa mpangaji wa miezi mitatu au sita, kutoelewana kidogo hugeuka kuwa kesi.

Sheria ya Kudhibiti Kodi za Nyumba, Sura ya 296, ambayo ilikusudiwa kumlinda mpangaji wa kipato cha chini, inahusu nyumba ambazo kodi yake ya kawaida haizidi Sh2,500 kwa mwezi. Kiwango hicho kiliwekwa zamani, na sasa huacha nje vyumba vingi hata katika masoko ya mashambani. Aliye juu ya kiwango hicho hutegemea mkataba wake, Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 na mahakama za kawaida.

Sheria hiyo ya Ardhi inaeleza kwamba pale ambapo muda wa upangaji haukutajwa, upangaji huhesabiwa kuwa wa vipindi, na kila upande unaweza kuumaliza kwa kutoa notisi isiyopungua kipindi kimoja. Anayelipa kwa mwezi anastahili notisi ya mwezi, na anapaswa naye kuitoa. Muuguzi anayepokea barua ya uhamisho Ijumaa na kuondoka Jumapili huwa amekiuka sheria hata kama hakukusudia.

Kwa upande mwingine, mwenye nyumba hana ruhusa ya kufunga mlango kwa kufuli yake, kung'oa mabati au kuchukua jiko la mpangaji kwa sababu ya deni. Sheria ya Ukamataji Mali kwa Deni la Kodi, Sura ya 293, inataka kazi hiyo ifanywe na dalali aliyesajiliwa. Anayejichukulia hatua mwenyewe anaweza kujikuta akidaiwa fidia inayozidi kodi aliyokuwa akiitafuta.

Suluhisho la kwanza basi liko mikononi mwa pande hizo mbili zenyewe, nalo ni mkataba wa maandishi wa ukurasa mmoja au miwili. Mkataba huo hauna budi kutaja tarehe ya kuingia na ya kutoka, amana na masharti ya kuirejesha, orodha ya vitu vilivyomo chumbani na hali yake, na nani analipia maji na tokeni za umeme.

Muhimu zaidi, mkataba unafaa kuwa na vifungu viwili vinavyotokana na hali halisi ya kazi ya uuguzi. Kimoja ni cha uhamisho: kwamba kandarasi ikikatizwa au muuguzi akihamishwa, atatoa barua ya mwajiri na notisi fupi iliyokubaliwa, na amana itakatwa kiasi kinachojulikana badala ya kupotea yote. Cha pili ni cha mshahara kuchelewa: kwamba mpangaji atalipa sehemu ya kodi iliyotajwa, tuseme nusu, na kumaliza baki ndani ya siku kadhaa baada ya mshahara kuingia. Kifungu hicho hakiondoi deni. Kinaondoa matusi mlangoni.

Mwenye nyumba pia ana wajibu kwa serikali. Ushuru wa mapato ya kodi za nyumba za makazi, ulioanza Januari 2016, humhusu anayepata kati ya Sh288,000 na Sh15 milioni kwa mwaka. Kiwango chake kilishushwa kutoka asilimia 10 hadi asilimia 7.5 kuanzia Januari 2024. Mwenye vyumba 10 vya Sh3,500 anapata Sh420,000 kwa mwaka, hivyo ushuru wake ni Sh2,625 kwa mwezi vyumba vikijaa. Ushuru huo hukatwa kwenye kodi yote bila kuondoa gharama za ukarabati au riba ya mkopo, na taarifa huwasilishwa kwa KRA kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata.

Hapa ndipo kinaya kinapojitokeza. Serikali inayochelewesha mshahara wa muuguzi ndiyo hiyo hiyo inayodai ushuru wa nyumba kwa tarehe. Ni kweli kwamba moja ni serikali ya kaunti na nyingine ni ya kitaifa. Lakini kwa mjane wa Ishiara, tofauti hiyo ya kikatiba haipunguzi deni lake dukani.

Wajibu wa kaunti na wa kitaifa

Pendekezo ambalo hutolewa mara kwa mara ni kwamba serikali ya kaunti ikodishe nyumba nzima karibu na hospitali, iwape wahudumu wake, na ilipe wenye nyumba moja kwa moja. Kwa nadharia ni wazo zuri. Kwa vitendo, kaunti nyingi zina madeni makubwa ya wanakandarasi na wauzaji bidhaa yaliyokaa miaka bila kulipwa. Mwenye nyumba aliyekuwa akidai wauguzi wanne atajikuta anadai afisi ya kaunti, na afisi haioni haya kama muuguzi anavyoona. Itakuwa ni kuruka majivu na kukanyaga moto.

Yapo mambo matatu yenye uzito zaidi. La kwanza ni kurejesha nyumba za wafanyakazi ndani ya ua wa hospitali, angalau kwa wale ambao kazi yao haiwezi kusubiri: wakunga, wauguzi wa dharura na wa chumba cha upasuaji. Fedha za kufanya hivyo zina mahali pa kutoka. Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya mwaka 2024 inamkata kila mwajiriwa asilimia 1.5 ya mshahara wake wote, na mwajiri huongeza kiasi sawa na hicho. Sheria hiyo haikutaja nyumba za bei nafuu pekee. Inataja pia nyumba za taasisi.

Muuguzi wa Ishiara hukatwa fedha hizo kama mwenzake wa Nairobi. Si haki kwamba achangie ghorofa za mijini ilhali mahali pake pa kazi hapana hata chumba cha kupumzikia baada ya zamu. Wabunge na madiwani wa eneo hilo wana hoja ya kisheria ya kudai sehemu ya fedha hizo ije katika hospitali za Kiwango cha 4, na ni hoja yenye nguvu kuliko ahadi za jukwaani.

La pili ni malipo ya kuanzia. Mtu anayetumwa kazi katika kituo cha mbali kwa kandarasi ya muda anafaa kupewa sehemu ya mshahara wa mwezi wa kwanza siku anaporipoti. Kiasi hicho kingetosha amana na kodi ya mwezi mmoja, na kingeondoa hali ya muuguzi kuanza kazi akiwa tayari ana deni. Gharama yake kwa kaunti si fedha mpya, bali ni kutanguliza fedha ambazo ingelipa hata hivyo.

La tatu ni taarifa. Kandarasi inapokaribia kumalizika, mhudumu anastahili kuelezwa mapema, walau miezi miwili kabla, kama itaongezwa au la. Kwa wakuu wa idara, hiyo ni barua moja tu. Kwa muuguzi, ni tofauti kati ya kutoa notisi kwa heshima na kutoroka usiku. Kwa mwenye nyumba, ni tofauti kati ya chumba kilichopata mtu na chumba kilichokaa miezi mitatu bila mpangaji.

Wapo watakaosema kwamba biashara ni biashara, na kwamba aliyejenga nyumba za kupangisha alikubali hatari zake. Hoja hiyo ina ukweli wake. Hakuna anayemlazimisha mtu kumpangisha muuguzi. Anaweza kumchagua mfanyabiashara wa ndengu au mnunuzi wa muguka anayelipa taslimu.

Lakini hilo ndilo jambo la kuogopwa. Wenye nyumba wakishachoka na kuamua kwamba muuguzi wa kandarasi ni mpangaji wa kuepukwa, watakaoumia si wauguzi pekee. Muuguzi asiyepata chumba Ishiara ataishi Embu Mjini au Runyenjes na kusafiri kila siku, atachelewa mvua ikiharibu usafiri, ataomba uhamisho mapema, na mwishowe ataomba kazi nje ya nchi, kama wengi walivyofanya tangu Kenya na Uingereza zilipotia saini makubaliano ya wahudumu wa afya mwaka 2021. Kitanda cha mama mjamzito kitakuwapo, dawa huenda zitakuwapo, lakini wa kumpokea mtoto hatakuwapo saa nane za usiku.

Kifungu cha 43 cha Katiba kinaweka haki ya afya bora na haki ya makao yanayofaa mahali pamoja, moja baada ya nyingine. Walioandika hati hiyo huenda hawakuwa wakimfikiria muuguzi anayetafuta chumba katika mji wa soko. Lakini katika miji kama Ishiara, haki ya kwanza haitatimia iwapo ya pili itaachiwa mjane mwenye vyumba kumi aigharamie peke yake.